Sukuma Kwanza, Valisha Baadaye

Ukitaka kudharauliwa bila kutoka jasho, ulikuwa unakwenda kumtembelea Fundi Difu. Hukuhitaji kumkosea. Ukikaa tu kwenye kiti chake cha mbao na kusema umelipenda gari fulani barabarani, basi umejitakia. Mtu huyu alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na jirani zake wote, na nyingine akaiweka akiba. Alidharau magari mapya kwa sababu yamefungwa kila upande, huwezi kuingiza hata kidole. Alidharau madereva wanaojisifu kwamba gia zao zinaingia zenyewe. Alidharau mafundi wanaotangaza kwamba gari limekufa kabla hawajafungua boliti moja. Na ukimuuliza kwa nini ana ulimi mchungu hivyo, alikujibu kwa upole kabisa kwamba yeye hana neno na mtu, anachotaka ni kitu cha kweli tu.

Jina la Difu alipewa kazini. Difu, kwa asiyejua, ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu ya injini kwa gurudumu la kulia na la kushoto, ili gari likate kona bila kuburuza tairi. Kwa miaka thelathini, difu na giaboksi zote zilizoingia kwenye gereji ile kubwa zilipita kwenye benchi lake. Alikuwa anaweka sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha ameigusisha kwenye giaboksi, halafu anakuambia ni gia gani imelika meno. Hakuwa anatia chumvi. Ukifungua, unaikuta gia yenyewe imelika.

Halafu akaja meneja mpya, mwenye viatu vyeupe, ndani ya gereji, hebu fikiria. Akawakusanya mafundi akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo giaboksi haifunguliwi tena. Ya zamani inang'olewa, mpya inapachikwa, mteja anaondoka. Hatutengenezi, alisema, tunabadilisha. Benchi la Fundi Difu likaondolewa, pakawekwa mashine ya kahawa, na mwenyewe akahamishiwa kaunta ya spea, akawa anasoma namba kwenye kompyuta na kuwapa vijana maboksi. Mikono yake ikatakata. Hakuna kitu kilichomuuma kama kuiona mikono yake imetakata.

Ndipo binti yake, yule anayefanya kazi ya bima, akamletea zawadi ya kumpoza. Lilikuwa sanduku la vitofali vya plastiki, vile vya kupachika kimoja juu ya kingine mpaka kitokee kitu, na juu yake picha ya gari jekundu la kifahari, lile la watu wanaokimbia bila kuwa na haraka. Baba mtu akabetua midomo, akauliza kama siku hizi yeye ndiye mtoto. Binti akamwonyesha palipoandikwa kwamba ni la watu wazima. Basi akalijenga kwa siku mbili, akifuata kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, na ilibidi akiri kwamba usukani unageuza magurudumu kweli. Siku ya pili alasiri akafungua kifuniko cha nyuma aitazame injini. Akakuta stika. Kipande cha karatasi chenye picha ya injini, kimebandikwa juu ya tofali jeusi.

Mkewe anasema aliikodolea macho stika ile mpaka chai ikapoa. Halafu akampigia binti simu, akamuuliza kama lile duka lina habari kwamba limemuuzia gari lenye injini ya karatasi. Binti akacheka. Baba hakucheka.

Akalibomoa gari lote, kipande kwa kipande, akaenda kutafuta vipande vya ziada: vijigia vya plastiki vya meno manane na vya meno ishirini na manne, ekseli nyeusi za urefu wa kidole, springi, na pistoni ndogo kama punje za maharage. Akaanza kujenga magari yake mwenyewe, ya mashindano na ya kifahari, kwa miaka minne mfululizo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: magari yale yalikuwa magari. Ukilisukuma juu ya meza, magurudumu yanazungusha difu, difu inazungusha giaboksi, giaboksi inazungusha injini, na pistoni sita zinapanda na kushuka unaziona kwa macho yako. Ukiweka gia ya kwanza pistoni zinakwenda mbio, ukiweka ya nne zinatulia. Ukilibonyeza linalala kwenye springi zake na kuinuka. Bodi, kusema kweli, lilikuwa baya. Zilikuwa rangi tatu zilizokutana kwa bahati mbaya. Yeye alisema bodi ni nguo tu, na mtu hapimwi kwa nguo, na alisema hivyo mbele ya mke anayeshona nguo.

Kulikuwa na kundi la watu wanaojenga magari kama hayo, wakikutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi ulio juu ya duka la vitabu. Alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alijizuia. Mara ya pili daktari mmoja wa meno, mtu mzima na heshima zake, alileta gari la buluu ambalo milango yake inafunguka kwa juu, kalijenga kwa miezi saba. Fundi Difu akaligeuza chini juu kama mtu anayekagua kuku sokoni, akatafuta difu weee asiione, akalirudisha mezani. Akamwambia daktari kwamba ametengeneza jeneza zuri sana, ila haoni kwa nini amelitia magurudumu. Mara ya tatu hakuambiwa mkutano umehamia wapi. Akasema ni wivu.

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia mpaka mtaa mzima ukaijua kwa moyo: sukuma kwanza, valisha baadaye. Maana yake, gari likiwa bado mifupa mitupu, kabla hujalivisha bodi, liweke chini ulisukume. Kosa ukiligundua gari likiwa uchi, unatoa vipande kumi. Ukiligundua limeshavaa, unabomoa elfu mbili. Na katika vitofali hivi lipo kosa moja la kishetani, halionekani kwa macho. Difu inakubali kuingia kwenye nyumba yake kwa pande zote mbili. Ukiiweka ile gia yake kubwa, ambayo mafundi huiita kroni, upande wa kushoto, inakaa vizuri. Ukiiweka kulia, inakaa vizuri vilevile. Tofauti ni kwamba magurudumu yake yatazunguka kurudi nyuma mahali pa kwenda mbele. Watu wa injini za karatasi hawawezi kulifanya kosa hili hata wakitaka, kwa sababu hawana difu ya kukosea. Fundi Difu aliwasimulia wageni habari za kosa hilo huku akitikisa kichwa, akiwahurumia wanaolifanya.

Mkewe, ambaye mtaa unamwita Mama Cherehani, alikuwa anakatia vitambaa kwenye meza hiyohiyo ya magari. Walikuwa wameigawa kwa mstari wa chaki, huku vitambaa, huku vitofali. Ni mwanamke wa maneno machache, na ndani ya nyumba ile hata angetaka mengi asingepata nafasi. Siku moja mumewe alimkuta anafumua upande mzima wa gauni lililokwisha kushonwa, eti kwa sababu mshono mmoja wa ndani, chini ya bitana, umekwenda upogo kwa upana wa uzi. Mumewe akacheka mpaka akakohoa. Akamuuliza ni nani atakayeuona mshono ulio chini ya bitana. Mama Cherehani hakuinua hata macho. Akasema, "Nimeuona mimi," akaendelea kufumua. Wiki nzima Fundi Difu akawa na kichekesho cha kuwapa watu, kwamba mke wake anawashonea mende, maana ndio pekee wanaoingia ndani ya bitana.

Basi ikatokea nafasi. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa giaboksi na difu. Kila mwombaji aje na kifaa chake cha kufundishia, afundishe nusu saa mbele ya watu watatu, na atakayewaridhisha apewe kazi ya kudumu. Fundi Difu alilisoma tangazo lile mara tatu, akalikunja akalitia mfuko wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu benchi lake liondolewe, alikaa kutwa nzima bila kumsema mtu. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Akiikosa hii, atazeekea kwenye kaunta akisoma namba. Mkewe naye alijua, na alikuwa na sababu zake za kumwombea. Mwanamume anayeshinda kwenye kazi asiyoiheshimu huirudisha sumu yake nyumbani, na pale nyumbani wa kuinywa alikuwa mmoja tu.

Mwombaji mwingine alikuwa kijana wa gereji ileile, mwenye shati la pasi, ambaye kazi yake ni kuwaelekeza wateja jinsi ya kutumia magari mapya kwa kuwaonyesha picha ukutani. Habari zikafika kaunta ya spea kwamba kijana huyo atakwenda kwenye usaili na gari la vitofali la dukani, lilelile jekundu lenye injini ya karatasi. Fundi Difu hakuamini bahati yake. Papo hapo akambandika jina, Bwana Stika, na kufikia saa ya chakula gereji nzima ilikuwa inamwita hivyo. Kijana alicheka pamoja nao. Fundi Difu akasema huyo hata kutukanwa hajui.

Yeye alijenga gari la mashindano ambalo magurudumu yote manne yanavuta. Difu nyuma, difu mbele, giaboksi katikati, na propela, yaani ile ekseli inayopeleka nguvu kutoka giaboksi mpaka difu ya mbele. Alilijenga nusu mbili. Nusu ya nyuma akaisukuma peke yake, ikateleza. Nusu ya mbele akaisukuma peke yake, ikateleza. Akaziunganisha. Sasa hapa ndipo ile sheria ilipokuwa inatakiwa, maana nusu mbili nzuri zinaweza kuzaa kitu kizima kibovu. Lakini alasiri hiyo ya Jumanne alikuwa amekuja jirani yao, kinyozi, mtu mwenye masikio ya kuazimisha, na Fundi Difu alikuwa anampa habari za Bwana Stika na karatasi yake. Mdomo unasema watu, mikono inapachika bodi. Alipomaliza kusimulia, gari lilikuwa limeshavaa mpaka taa. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na huyu hakuwa hata na nafasi ya kugeuka alitazame.

Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya usaili, Mama Cherehani alitaka kutandaza kitambaa cha mapazia, akakuta gari limevuka mstari wa chaki. Akaweka kiganja juu ya paa alisogeze. Halikusogea. Akasukuma tena polepole, na kiganja kikamwambia kitu alichokijua vizuri, kwa sababu kwenye cherehani kipo vilevile: wewe unakivuta kitambaa huku, meno ya chini yanakipeleka kule. Akamwita mumewe, aliyekuwa mlangoni anavaa viatu. Akamwambia gari lake linajikataa, magurudumu ya mbele yanakuja na ya nyuma yanakwenda.

Mumewe akajibu bila kugeuka kwamba gari liko kwenye gia, na gari lililo kwenye gia halisukumwi kama kigari cha sokoni. Mke akamwambia basi alitoe kwenye gia ajaribu mara moja tu, kwani itamchukua muda gani. Hapo ndipo alipogeuka.

"Mama, wewe shughulika na pindo," akasema. "Difu niachie mimi."

Mama Cherehani akalibeba gari kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati, akatandaza kitambaa chake. Alikuwa amekwisha kusema.

Siku ya Ijumaa wakamtanguliza Bwana Stika. Fundi Difu alikaa kwenye benchi la korido, gari amelipakata, na mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, kwa hiyo alisikia kila kitu. Alimsikia mkuu wa idara, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, akimuuliza kijana kama injini ya gari lake inafanya kazi. Kijana akajibu kwamba hapana, ile ni stika tu, amelileta waone umbo, ya ndani atawaonyesha kwa picha. Fundi Difu akafyonza. Kwa kuwa alikuwa hana mtu wa kumsimulia, akaliweka gari lake sakafuni ili walau likimbie mbele ya macho yake mwenyewe. Akalitoa kwenye gia. Akalisukuma kwa kidole.

Tairi zikalia kwenye sakafu, gari likabaki pale pale.

Akaliinua, akazungusha gurudumu la nyuma kwenda mbele. La mbele likazunguka kurudi nyuma. Hakuhitaji kujaribu tena. Kroni ya mbele imekaa upande usio wake, na hizo tairi nne zimekuwa zikipigana kimya kimya tangu Jumanne. Kulirekebisha ilikuwa ni kazi ya saa tatu: utoe bodi, utoe usukani, utoe springi za mbele, ndipo uifikie difu. Ndani ya chumba kijana alikuwa anafunga maelezo yake, na watu walikuwa wanamshukuru.

Fundi wa kweli angeingia nalo hivyohivyo. Angeliweka sakafuni likatae, kisha awaeleze kwa nini limekataa, na nusu saa isingemtosha kwa utamu wa somo. Huyu wa kwetu, bingwa wa kweli, mchukia karatasi, alifanya nini? Aligeuza gari chini juu, akaingiza ukucha kwenye tundu la tumboni, akaichomoa propela ya mbele. Kijiti cheusi, urefu wa kidole. Magurudumu ya mbele yakabaki ya urembo, yanazunguka bila kushikana na chochote, na gari likawa jepesi linateleza kama maji. Kijiti akakitia mfuko wa suruali. Halafu akaitwa.

Alifundisha vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Wale wawili waliokuwa wanaandika waliacha kuandika, wakainama kutazama pistoni zikipanda na kushuka. Aliingiza gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akawafanya wahesabu meno, na mmoja akaomba alisukume yeye mwenyewe. Mkuu wa idara alikuwa amevua miwani ili aone karibu. Nusu saa ilipokwisha akauliza swali moja tu.

"Na magurudumu ya mbele nayo yanavuta?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya mfuko wa suruali.

"Yanavuta," akasema.

Mama yule akavaa miwani yake akaandika.

Barua ilikuja Jumatano iliyofuata. Kazi ni yake, ya kudumu, aanze Jumatatu. Mngemwona! Alimwambia kinyozi kwamba Bwana Stika alikwenda na karatasi akarudi na karatasi. Alimsimulia mkewe, akiigiza sauti ya kijana, jinsi alivyoulizwa habari ya injini akakiri mwenyewe kwamba ni stika, hata haya hana. Alirudia kisa hicho Alhamisi na Ijumaa, na kila akirudia sauti inapanda zaidi, mpaka mkewe akaanza kumtazama. Yeye alikuwa anamshonea koti la kazi, la kijivu, lenye mifuko mitatu, ili Jumatatu asimame mbele ya wanafunzi akiwa mtu.

Jumamosi asubuhi Mama Cherehani alikusanya nguo za kufua. Akaingiza mkono mfukoni mwa suruali ya usaili kama anavyofanya siku zote, maana mume wake ni mtu wa kusahau vijigia mifukoni. Akatoa kijiti cheusi. Miaka minne ya kukaa meza moja na mambo yale si mchezo. Alikijua ni cha wapi. Hakumwita mtu. Alilishusha gari kutoka juu ya kabati, akaliweka mezani, akalisukuma kwa kiganja kilekile. Likateleza meza nzima, likavuka chaki, nusura lianguke. Akalidaka. Ndipo akamwita mumewe.

"Alhamisi ile halikusogea," akasema. "Leo linakimbia. Na hiki nimekikuta mfukoni mwako."

Fundi Difu akajaribu kujitetea. Akasema muda ulikuwa mfupi. Akasema vingine vyote vinafanya kazi barabara. Akasema, na laiti angenyamaza, kwamba kwani nani atakiona, kipo ndani.

"Walikuuliza?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukawaambiaje?"

"Nikasema yanavuta."

Mama Cherehani akavuta kiti, akakaa. Hakupandisha sauti, hajui hata inapandishwaje.

"Yule kijana waliuliza injini yake, akawaambia ni stika. Wewe mwenyewe umenisimulia siku tatu mfululizo, unacheka. Sasa niambie, Bwana Stika ni nani kati yenu?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Maneno yote aliyowahi kuwatolea watu, jeneza la daktari, viatu vya meneja, mende wa kwenye bitana, yalimjia pale yote kwa pamoja, na kila moja lilimkaa yeye sawasawa kana kwamba alikuwa amepimwa. Uso ulimsawijika. Mkewe hakumngoja. Alilivuta lile koti la kijivu, akautazama mfuko wa kushoto kwa ndani, akachukua kisu chake kidogo cha kufumulia, akaanza kuutoa mfuko mzima. Mshono ulikuwa umekwenda upogo. Kutoka nje usingeona kitu.

Fundi Difu alisimama akitazama zile nyuzi zikitoka moja moja. Mwisho akaenda kuchukua beseni la kufulia, akavuta kiti chake upande wake wa chaki, akaanza kulivua gari: paa, milango, taa, usukani. Alipofika kwenye mifupa akairudisha propela mahali pake, na kosa akaliacha kama lilivyo.

Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara, amevaa koti, beseni lenye mifupa ya gari mkononi. Alimweleza yote bila kupunguza. Yule mama akalitazama beseni, akamtazama yeye, akanyoosha mkono akamwomba ile barua ya kazi ya kudumu. Akaipasua mara mbili. Akaandika nyingine kwa kalamu, mistari minne: muhula mmoja wa majaribio, kisha tutaona.

"Wanafunzi wanakungoja," akasema. "Kawaambie haya haya uliyoniambia. Mimi nitakaa nyuma."

Walikuwa wanafunzi thelathini na kitu. Akaiweka ile mifupa sakafuni, akamwita mmoja aje aisukume. Ikakataa. Akawaeleza kwa nini, akawaeleza alivyochomoa kijiti kwenye korido na uongo aliousema, kisha akawaambia kwamba kosa lilikuwa limeshaonwa siku moja kabla, kwa kiganja, na mshona nguo, ambaye ni mke wake, na kwamba yeye alimwambia ashughulike na pindo. Darasa likaangua kicheko. Mtu aliyecheka watu miaka thelathini hakuwa anajua kicheko kinachukua muda gani ukiwa wewe ndiye uliyesimama mbele. Kinachukua muda mrefu sana. Alingoja mpaka kikaisha, akapiga magoti sakafuni, akawaonyesha jinsi ya kuitoa difu na kuigeuza, na kufikia mwisho wa kipindi mikono thelathini ilikuwa imeshaigusa.

Alasiri alirudi nyumbani na beseni lake. Mama Cherehani alikuwa kwenye cherehani, akasimamisha mguu.

"Wamecheka?"

"Wamecheka."

"Na la pindo umewaambia?"

"Hilo ndilo walilolicheka zaidi."

Mkewe akakata uzi kwa meno. Fundi Difu akaiweka ile mifupa ya gari mezani, upande wa mkewe, juu ya kitambaa chake cha mapazia, bila bodi, bila hata kiti cha dereva. Akarudi nyuma hatua moja.

"Sukuma wewe," akamwambia.

Mama Cherehani akafuta kiganja kwenye gauni. Akalisukuma polepole, macho yake ukutani, anasikiliza kwa mkono. Magurudumu manne yakaenda upande mmoja, pistoni zikapanda na kushuka, gari likavuka mstari wa chaki likasimama upande wa pili.

"Linatembea," akasema. "Haya, livishe. Na safari hii utafute rangi zinazoelewana."